Hendeli Iliyobebwa Mgongoni

Wenzangu, tangu nirudi hapa Magomeni mmekuja mmoja mmoja kunipa pole ya safari, na kila mmoja, kabla hajaketi, amejikwaa kwenye kile chuma kilichopinda ninachozuilia mlango. Mmeuliza ni cha nini. Nimewajibu kwa ufupi kwamba kimetoka Shinyanga, mkacheka, mkadhani jua la huko limenipiga: wenzangu wanarudi na asali ya Tabora, mimi narudi na chuma. Sasa naandika yote mara moja, nisije nikarudia hadithi kila mgeni anapoingia na kila mara nikachemsha chai. Sukari mnajua inavyopatikana siku hizi.

Habari za vibali na tiketi sitawachosha nazo. Ofisini waliniambia hivi: Kondo, wewe ni fundi wa injini, kuna mashine ya kusaga wafadhili wameitoa, imeshatangulia kwa gari moshi la mizigo hadi Shinyanga, nenda ukaifunge katika kijiji kimoja cha machimboni, upande wa Geita. Utafuatana na mtaalamu wao. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu mtaona wenyewe kwamba kina mwenyekiti, na mwenyekiti huyo mimi bado namheshimu.

Dar es Salaam hadi Tabora

Mtaalamu aliitwa Bwana Anders, kutoka nchi moja ya kaskazini yenye baridi. Angeweza kwenda kwa ndege, lakini alitaka kuiona nchi, kwa hiyo tukapanda gari moshi pamoja. Kitanda cha behewa hakikumtosha. Miguu yake ilibaki nje, ikizuia njia, na wauza chai wakajifunza kuiruka bila kumwaga.

Kiswahili alikuwa amesomea kwao darasani, tena vizuri. Kilikuwa Kiswahili safi kuliko changu, ila kilikuwa hakijawahi kutoka nje kikapigwa jua. Alifundishwa kwamba shikamoo ni neno la heshima, na kwa kuwa yeye ni mtu wa heshima, alimwamkia kila mtu. Morogoro alimwamkia shikamoo mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake. Mama akaitikia marahaba kwa niaba ya mtoto, kwa uso mkavu kabisa, na behewa zima likageukia dirishani kuficha kicheko.

Saranda tulinunua kuku wa kukaanga, kama wafanyavyo wasafiri wote wenye akili. Bwana Anders akatoa kichwa dirishani kumwuliza muuzaji kuku huyo alilishwa nini alipokuwa hai. Muuzaji aliona anadharauliwa. Akaanza kujieleza, akaeleza ukoo wa kuku hadi bibi yake, na gari moshi likaondoka akiwa bado anakimbia pembeni anaeleza. Bwana Anders alisema amejifunza mengi.

Tabora tulikwama. Kichwa cha gari moshi letu kilichukuliwa kwenda kulivuta gari moshi jingine lililokwama mbele, na hakuna aliyejua kitarudi lini. Tukashuka kunyoosha miguu. Penye kivuli palikuwa na mama mmoja Mnyamwezi, mnene, anauza karanga na asali. Nikamwamkia, akaniuliza mtu wa wapi, nikasema Kisarawe. Akauliza, "Mzaramo?" Nikasema ndiyo, mama.

Aliinuka, akanivua kofia yangu ya darizi, akaivaa juu ya kilemba chake, akakaa tena.

"Kofia hii imekufa," akasema. "Nimeizika. Nenda kawaambie kwenu."

Nikamjibu kwamba kichwa alichoizikia hata fisi hawezi kukila, akacheka hadi karanga zikamwagika. Bwana Anders, maskini, alikuwa ameshaanza kumtafuta askari wa stesheni. Nilimkimbilia nikamshika mkono. Ikabidi nimweleze utani. Nilimwambia kwamba mababu wa watu hawa, Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, walikuwa wakishuka pwani na misafara ya mizigo, na sisi Wazaramo ndio tuliowapokea, tukazoeana nao vibaya. Tangu hapo mtani anaweza kunitukana, anaweza kuninyang'anya kitu akakaa nacho, nami sina ruhusa ya kununa. Hata msibani wanakuja kututania. Na mtu wa tatu haingii kati. Akiingia, ndiye anayeonekana hana adabu.

"Lakini kofia ni yako," akasema Bwana Anders.

"Ilikuwa."

"Na sheria?"

"Hiyo ndiyo sheria, bwana."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa. Hakuwa ameelewa. Aliniuliza tena Isaka, na tena tulipoona taa za Shinyanga.

Shinyanga, mahali pa kungoja

Mkoa ule umependwa na mataifa. Nilikuta matrekta ya nchi moja, pampu za nchi nyingine, na mabomba ya nchi ya tatu, na skrubu ya huyu haiingii kwa yule. Kila mradi una kibao chake barabarani, kimepakwa rangi nzuri, na nyuma ya kibao mara nyingi kuna mbuzi amepumzika. Watu wa Shinyanga hawalalamiki. Wanasoma vibao wanapopita, wanajua nani amefika na nani ameshaondoka, kama sisi tunavyojua timu za mpira.

Tulifikia nyumba ya wageni ya Bi Zuhura, mjane wa makamo, baba yake Mmanyema, mama yake wa Bagamoyo, mwenyewe mzaliwa wa pale pale mjini. Uani kwake kulikuwa na bomba la maji linalong'aa, limeletwa na mradi. Alikuwa ameanika kanga juu yake. Bwana Anders akafungua koki, akangoja, akafunga.

"Maji hakuna?"

"Bomba mmeleta, baba," akasema Bi Zuhura. "Maji hamkuleta."

Mashine yetu tuliikuta salama kwenye ghala la stesheni, imefungwa kwenye makreti. Lori la ushirika la kuibeba lilikuwepo pia, na dereva wake Masanja, Msukuma mfupi mwenye subira nyingi. Dizeli ndiyo haikuwepo. Tukangoja. Asubuhi Masanja alikuja kusema leo hakuna, akanywa chai, akaondoka. Siku nyingine alikuja kusema ipo, ila Jumapili mchana magari hayaruhusiwi kutembea, ili kubana mafuta, akanywa chai. Bi Zuhura alitulisha ugali wa mtama na mlenda, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani. Bwana Anders alidhani ni vibanzi vya kuwashia moto, akaviweka jikoni karibu na kuni. Bi Zuhura aliviokota kimya kimya, akavichemsha, akampakulia yeye kwanza.

Bwana Anders alitumia muda huo kukagua sanduku la vifaa. Akanionyesha hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini ya dizeli hadi iwake. Zilikuwa mbili. "Kwetu hatutumi kitu kimoja," akasema kwa fahari. "Ya kwanza ikipotea, kuna ya pili. Bila hendeli injini hii ni jiwe."

Bi Zuhura alikuwa anapepeta mchele pembeni. Akauliza mashine inakwenda wapi, nikamwambia. Akaacha kupepeta.

"Machimboni? Basi itasaga mawe."

Akaeleza. Kuna mashine nyingine ilipelekwa huko miaka ya nyuma, kijiji kingine. Wachimbaji wa dhahabu wanatwanga mawe kwa mikono hadi yawe unga, ndipo waoshe wapate chembe zao. Ni kazi ya kuvunja mabega. Walipoiona mashine ya mahindi, waliipenda kuliko wenye mahindi. Waliisagisha mawe wiki moja, nyundo za ndani zikakatika zote, na hadi leo kuku wanatagia humo.

Bwana Anders aliweka hendeli chini. Ndipo akaniambia jambo ambalo ofisini hawakuniambia. Hii yetu ilikuwa ya majaribio. Nyingine ziko bandarini, za vijiji vingine. Hii ikisaga unga hadi mavuno, zile zitafuata. Ikifa kama ile ya kwanza, zitapakiwa tena melini ziende nchi nyingine.

Usingizi ulinipungua kidogo tangu siku ile. Nimefunga mashine nyingi, lakini sijawahi kufunga moja huku nikijua nyingine zote zinaitazama.

Kahama, na tope

Dizeli ilipopatikana tuliondoka alfajiri, mimi na Masanja mbele, Bwana Anders katikati magoti yakiwa kifuani, mashine nyuma. Kahama tulifika vizuri, tukala ugali na maziwa mgando. Baada ya Kahama, tulipokata kuelekea kaskazini, mvua ilikuwa imetutangulia. Mnaijua mbuga kwa kusikia tu. Ni udongo mweusi ambao ukiwa mkavu unapasuka, na ukilowa unashika tairi kama mtu anayekudai. Lori lilizama hadi ekseli.

Masanja alizima injini, akashuka, akakaa kivulini mwa lori, akatoa muhogo. Bwana Anders alimwuliza mpango ni upi. Masanja akasema mpango ni ng'ombe. Ng'ombe wako wapi? Watakuja, akasema Masanja, ni saa yao ya kwenda kunywa maji.

Kabla ya ng'ombe alitokea mtu mwenye baiskeli. Alikuwa na shati lililochanika begani na saa nzuri sana mkononi. Alijitaja kwa jina la Sospeter, ana duara lake, ndivyo wanavyoita shimo la dhahabu, mbele karibu na kijiji tunakokwenda. Alizunguka lori, akachungulia makreti.

"Shikamoo fundi. Inasaga nini hii?"

"Mahindi. Mtama. Uwele."

"Na kitu kigumu kidogo kuliko mahindi?"

"Haiwezi."

"Mmeshaijaribu?"

Nikamwambia haijaribiwi. Alitabasamu kwa adabu, akatutakia safari njema, akabeba baiskeli yake begani akavuka tope kwa miguu. Nilimtazama akipotea mbele, upande ule ule wa kijiji chetu, na moyo ukanambia huyu atafika kabla yetu.

Ng'ombe walikuja kweli. Wachungaji wao waliwafunga kamba jozi kwa jozi, wakapiga mluzi, na lori likatoka topeni polepole. Bwana Anders alitaka kuwapa kitu. Walikataa, wakaomba waiguse injini tu, maana hawajawahi kuigusa ikiwa moto. Wakaigusa mmoja mmoja, wakasema "wabeja," ndiyo asante yao, wakaenda zao.

Kijijini

Tulipokelewa kwa ngoma. Wasukuma wakikupokea hupati nafasi ya kujisikia umechoka. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu mwenye sauti ya mkutano, alitukaribisha kwa hotuba yenye neno maendeleo ndani ya kila sentensi. Nyuma yake nilimwona Sospeter, amekaa kwenye kiti, amebadili shati.

Mwenyeji wetu hasa alikuwa Mama Kabula, kiongozi wa kikundi cha kina mama. Ni mama mwembamba aliyepita makamo, mabega yamempinda mbele kidogo. Banda la mashine walikuwa wamelijenga wao, mawe ya msingi na mchanga wamebeba wao kichwani kutoka mtoni. Nilipomwamkia alinijibu "mwadila," akaniuliza mtu wa wapi, nikasema, na uso wake ukafunguka.

"Mzalamo! Mungu ametuletea mashine na kitu cha kuchekea."

Jioni alinipeleka ndani kwake kunionyesha jiwe la kusagia. Lilikuwa la mama mkwe wake, na kabla yake la mkwe wa huyo mkwe. Katikati lilikuwa limelika hadi likawa shimo linaloweza kushika maji. Akapitisha kiganja humo.

"Mgongo wangu uko humu," akasema. "Sitaki wa Kabula uingie." Kabula ni binti yake wa mwisho, alikuwa anasubiri kuolewa. "Niambie kweli, Mzalamo. Itasaga unga hii, au mnatuonyesha tu?"

Nikamwambia itasaga unga. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyoamini.

Kumwaga msingi wa saruji na kufunga mashine juu yake kulichukua siku kadhaa, na mimi hukaa mahali popote nikichoka. Siku moja nilikaa juu ya gunia, katika safu ya magunia yaliyopangwa nyuma ya banda. Mwenyekiti alikuwa amenieleza kwamba ni mahindi ya uzinduzi. Niliinuka haraka. Mama Kabula alikuwa anapita na ndoo.

"Umekalia mahindi magumu," akasema, akapita bila kusimama.

Nilibonyeza gunia. Mawe. Yote mawe. Nikamfuata mwenyekiti, nikamwuliza kwa adabu. Hakukana. Alinikalisha chini kama kaka. Zahanati ya kijiji haina paa, akasema, mvua ikinyesha wagonjwa wanahama na mikeka yao. Sospeter na wenzake wameahidi mabati, ila waruhusiwe kusaga jioni kidogo tu, kina mama wakishamaliza. "Ndugu fundi, na hayo si maendeleo?" Nikamwambia nyundo zitakatika. Akasema hizo ni za chuma, mawe ni mawe. Sikumlaumu sana. Paa nililiona kwa macho yangu, yaani niliona mbingu. Lakini nilijua pia kwamba kesho yake, baada ya hotuba, mimi nitawasha mashine, na jioni hiyo hiyo itaanza kufa.

Nilimweleza Bwana Anders. Alisema atakwenda kuripoti wilayani. Masanja akamkumbusha habari ya tope.

Siku ya uzinduzi watu walijaa. Hotuba zilikwisha, kina mama wakaimba, beseni la mahindi likaletwa. Mimi nikatoa hendeli moja sandukuni, nikafunga sanduku, nikaiweka hendeli juu ya kigoda ili nifute mafuta mikononi. Nilipogeuka kigoda kilikuwa kitupu.

Mama Kabula alikuwa ameichukua. Aliilaza mgongoni, akaifunga kwa kanga kama mtoto mchanga, akaizungushia ncha kifuani, akaanza kuibembeleza kwa kuyumba huku na huku. Ile sehemu ya kushikia ilichomoza begani mwake kama kichwa.

"Huyu ng'wanawane," akasema. Mwanangu huyu. "Mzalamo kanizalisha uzeeni."

Vigelegele vilipanda. Hata mimi nilicheka, sikuweza kujizuia. Mwenyekiti hakucheka.

"Mama Kabula, rudisha chombo cha kijiji."

"Wewe Mzalamo?"

"Mimi mwenyekiti."

"Nimeuliza kama wewe Mzalamo. Hapa nazungumza na mtani wangu. Unaingia kati ya watani, baba?"

Watu wakaguna. Wazee waliokaa mbele walitazama chini. Mwenyekiti alirudi nyuma hatua moja, maana mbele ya kijiji kizima hakutaka kuwa yule mtu wa tatu. Ndipo mimi, mtu mzito wa kuelewa, nikaelewa. Hendeli ikiwa kwa mwenyekiti, mawe yatasagwa. Ikiwa kwa Mama Kabula kwa njia nyingine yoyote, ataitwa mwizi na kupelekwa kwenye baraza. Lakini ikiwa mgongoni mwake kwa utani, hakuna wa kumnyang'anya isipokuwa mimi, na mimi siruhusiwi kununa. Alinitazama machoni. Hakuwa anatania hata kidogo.

Hapo Bwana Anders akasimama. Alitaka kusaidia, Mungu amlipe. Kwa Kiswahili chake safi, kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma waliisikia, akasema:

"Ndugu zangu, hakuna tatizo. Iko hendeli ya pili ndani ya sanduku."

Mwenyekiti aligeuka. Sospeter aliinuka kitini. Mama Kabula aliacha kuyumba. Na sanduku, jamani, mimi nilikuwa nimeshalikalia.

Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria ofisini, na mtaalamu aliyezihesabu mwenyewe mbele yangu kwa Bi Zuhura, na asubuhi ile ile akaziona tena. Kisha nikafikiria lile jiwe lenye shimo.

"Ile ya pili ilibaki Shinyanga," nikasema.

Bwana Anders alinitazama. Nilimwona akielekea kusema hapana. Akamtazama Mama Kabula na mtoto wake wa chuma, akanitazama mimi juu ya sanduku, akayatazama magunia. Uso wake ulibadilika polepole sana, kuanzia masikio, ukawa mwekundu.

"Ndiyo," akasema. "Nimekumbuka. Ilibaki Shinyanga. Kosa ni langu."

Mama Kabula akatoa masharti yake. Mtoto ananyonya, akasema, kwa hiyo analala kwa mama yake. Kila asubuhi atakuja naye kazini, na jioni atarudi naye. Na mimi baba mtu, kabla sijamshika, nisage kwanza mtama kwenye jiwe, nijue mtoto ametokana na nini.

Jiwe likaletwa. Nilipiga magoti mbele ya kijiji kizima nikasaga. Naona aibu kuwaambia kilichotoka: chenga ambazo kuku mwenyewe angezifikiria mara mbili. Mgongo uliniuma kabla unga haujafunika kiganja. Kina mama walinitukana kwa furaha, wengine walinishikilia kiuno ili nisidondoke. Bwana Anders akaomba zamu. Akapiga magoti, akajikunja, akasaga kwa bidii kama mtu anayefanya mtihani, na vigelegele alivyopigiwa hata harusini sijavisikia.

Ndipo Mama Kabula akafungua kanga, akanikabidhi hendeli, ikiwa na joto la mgongo wake. Nikazungusha. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Beseni la mahindi likamwagwa juu, na chini ukatoka unga. Mama Kabula alikinga mikono yote miwili, akauleta unga usoni, ukiwa bado wa moto, akauweka shavuni. Nami nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi.

Jioni Sospeter alikuja kuchukua magunia yake, moja moja, kwa baiskeli. Mwenyekiti alisimama anamtazama, na nyuma yake zahanati isiyo na paa. Bwana Anders akamwahidi kwamba ataulizia mabati kwao. Nilimwona mwenyekiti akiitikia kwa upole kabisa, kwa ule upole wa watu wa mkoa ule, walioahidiwa na mataifa mengi.

Kurudi

Tulirudi kwa njia ile ile, na tope lile lile, na nadhani ng'ombe wale wale. Tabora yule mama wa karanga alikuwa pale kivulini. Alinirudishia kofia yangu ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, akasema imefufuka kwa maombi yake. Halafu akamtazama Bwana Anders toka unyayo hadi utosi.

"Na huyu nani?"

"Huyu Mzaramo," nikasema. "Ila alikulia kwenye baridi."

Akainuka, ikabidi apande juu ya boksi, akamvua kofia yake ya jua akaivaa. Bwana Anders hakumtafuta askari. Alisimama kichwa wazi kwenye jua la Tabora, akicheka hadi machozi, na alipopata pumzi akamwambia mama kwamba kofia ile ina chawa wa Ulaya. Nilijisikia kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Gari moshi lilipokuja, alinisaidia kuinua mkoba wangu, niliosema una michembe tu, hadi kwenye behewa. Akasita nao mkononi, akaupima uzito wake.

"Ndugu Kondo," akasema, "michembe yako ni mizito sana."

"Ndivyo ilivyo michembe ya huko, bwana."

"Ndiyo," akasema, akaupandisha juu, na hatukulizungumza tena hadi Dar es Salaam.

Juzi Masanja amenitumia salamu kwa mkono wa abiria mmoja. Mama Kabula anasema mtoto hajambo, anaamka mapema, anafanya kazi na mama yake, jioni anarudi mgongoni. Kabula ameolewa, na jiwe hakwenda nalo. Mwenyekiti naye amenisalimu sana, mabati bado hajayaona, na anauliza kama kule Shinyanga sijaikumbuka ile hendeli ya pili. Wanasema ameandika barua hata ofisini kwetu.

Kwa hiyo mkija hapa, jikwaeni kwenye chuma hicho mpendavyo. Ila mkimkuta mgeni kutoka kazini kwangu, msiniulize kimetoka wapi. Mlango huu una upepo sana.